Chupa Yenye Picha Yangu

Liège

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekupa nafuu. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechafuka, na leo sitaficha. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu sauti ninazotuma kwa simu nimeona zinakofika.

Unakumbuka uliniuliza ninasomea nini huku, nikakutumia sauti. Nilisema tunachukua nyama ya titi lenye kansa, tunailinganisha na nyama nzima ya pembeni yake. Jeni za mwili hutoa amri, na kuna vitu vidogo mno, microRNA, ambavyo kazi yake ni kunyamazisha baadhi ya amri hizo. Penye kansa kazi hiyo imevurugika, nasi tunatafuta imevurugika wapi. Mwishoni nilisema wazi kwamba hii bado si dawa, tunatafuta tu.

Kaka Deo alikata mwisho huo. Akabakiza maneno ya kunyamazisha, akaipiga sauti yangu kwenye spika sokoni Murara, akauza chupa za eti dawa, zilizobandikwa picha yangu nikiwa na koti jeupe la maabara. Dada Neema alinitumia picha ya chupa hiyo. Ilinikuta mezani, nikasukuma sahani. Mama, niliuonea kinyaa uso wangu mwenyewe.

Nilimpigia Deo. Hakukana hata kidogo. Alicheka, akasema ni maji ya tangawizi na sukari ya kuunguza, hayajamdhuru mtu. Nikamwambia wanaoyanywa ni wanawake wenye uvimbe. Akanijibu kama kaka kwa mdogo wake, "Petit, wewe unatafuta, na miye natafuta." Huyo ni mtu wa tumbo moja na mimi.

Kisha nikampigia mama mdogo Furaha, mdogo wako. Wewe na mimi tulidhani ameshakatwa kipande cha ule uvimbe wake wa titi hospitalini ili kipimwe. Hakwenda. Alitaka kwanza amalize chupa. Sasa ngozi ya titi imejikunja na uvimbe umekuwa mgumu. Nilipomuuliza nani alimdanganya, alisema polepole:

"Nilisikiaka sauti yako, mutoto yangu. Njo maana nilikunywa."

Tangu siku hiyo naingia maabara kwa shida. Nyama ninayoipima haina jina, lakini mimi naiona ni yake.

Mama, najua katoni za Deo ziko chini ya kitanda chako, na najua ulijivuna kuwaambia majirani kwamba anayesema ni mwanao. Zimwage chooni zote. Halafu mshike mama mdogo mkono mwende hospitali. Asisubiri chupa iishe, wala asinisubiri mimi.

Nisalimie Papa, na Neema huko Kituku anakouza wale samaki wadogo, sambaza, na mama jirani aliyekuja kutoka Kanyaruchinya. Deo usimsalimie.

Nimetuma sauti mpya kwenye simu ya Neema. Ni fupi, hakuna mahali pa kukata: "Mama mudogo, ni miye. Ile haiko dawa. Enda hospitali." Aisikie mama mdogo kwanza, kisha ipigwe sokoni kwenye spika ile ile. Aliiamini sauti yangu ilipodanganya. Mwombe aiamini mara moja tena.

Mwanao, mwenye ile sauti,
Espoir