Mkungu wa Mama Haukupasua Ukuta Wako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza kukulaumu bila salamu utasema sikulelewa, na leo nimekuja kukulaumu.

Wameukata mkungu wa Mama, ule mti wa kivuli ubavuni mwa nyumba. Mimi nilikuwa Mkange ninakofundisha, shule hazijafungwa, Shabani akanipigia simu kazi imeshakwisha. Huyo mdogo wangu unamjua, hufanya kwanza akauliza baadaye. Alimleta bwana mmoja kutoka Dar, eti mpimaji wa majengo. Bwana huyo akautazama ufa wa chumbani kwenu, akautazama mti, akapiga picha mbili tatu kwa simu, akasema ni mizizi. Hakuinama. Hakuomba hata jembe. Chai aliyotengewa ilikuwa haijapoa, mti umeshahukumiwa.

Nilimuuliza Shabani kwa nini hawakunisubiri. Akanijibu, "Dada, si Baba mwenyewe alisema?"

Na kweli ulisema. Tangu ufa ule ulipokuwa mwembamba kama unywele juu ya dirisha, ulimwambia kila mgeni aliyeingia kwetu Kaole kwamba mti wa mkeo utakuangushia nyumba. Mwanzoni Mama alikujibu kwa utani, "Kwani una mikono ya kusukuma?" Watu wakacheka, nawe ukacheka. Miaka ikaenda, ufa ukapanuka, utani ukamwisha. Akawa anafagia majani ya mkungu wake kimya kimya, mapema, kabla hujatoka nje ukayaona.

Siku ya kukata, Mama alisimama mlangoni akamwambia Shabani, "Nisamehe mwanangu, nimeibomoa nyumba ya baba yako." Bi Mwanahawa wa jirani alikuwapo, ndiye aliyenisimulia kwa simu. Ijumaa ile ile nilipanda gari kuja nyumbani. Mti ulikuwa umeshakuwa kuni, sikuja kwa ajili yake. Nilikuja kwa ajili ya maneno yale.

Unaikumbuka kazi ya kule Dunda? Nilikuwa darasa la tano, nakubebea ndoo za maji ya kuchanganyia simenti. Mwenye nyumba alikuwa anagombana na jirani yake, kila mmoja anasema lake kuhusu ufa wa ukutani. Hukubishana na yeyote. Ulichukua kipande cha kioo kibovu, ukakibandika kwa simenti juu ya ufa, kikashika huku na huku, ukaandika tarehe kwa penseli. Ukaniambia, "Kikivunjika, ukuta bado unatembea. Usimsikilize mwenye nyumba, kisikilize kioo. Halafu uchimbe uone." Siku hiyo niliamini Bagamoyo nzima haina mtu mwenye akili kukushinda.

Basi nikafanya kama ulivyonifundisha. Nilibandika vioo vitatu juu ya ufa wako, nikarudi Mkange. Likizo ilipofika nikakuta viwili vimevunjika, na mti ni kisiki. Nikachukua jembe nikachimba kandokando ya ukuta. Mizizi minene yote ilikuwa imeelekea uani. Iliyofika kwenye msingi ni myembamba kama vidole vya mtoto, naikata kwa kisu cha jikoni. Lakini mchanga ulikuwa umelowa, Baba, na mvua hatujaiona kwa wiki kadhaa. Ulikuwa unanuka. Nilisukuma ufito chini ya msingi, ukaingia na mkono wangu ukaufuata mpaka kwenye kiwiko. Hapakuwa na kitu pale chini.

Nikalifuata lile tope, likanipeleka kwenye karo la choo. Karo ulilolichimba wewe.

Siku ile nilikuwapo, mimi ndiye niliyekushikia futi. Ulikuwa unatuhamishia choo ndani, bomba litokee nyuma ya nyumba. Ulipogundua kwamba mtu akikaa ataelekea kibla, ukakigeuza, na hapo sina neno, ulifanya linalostahili. Ila bomba sasa likatokea upande wa mkungu, na vipande vya bomba ulivyokuwa navyo havikufika mbali. Ukachimba karo hatua mbili kutoka ukutani. Nikakuuliza kama si karibu mno. Ukasema, "Fundi nani hapa?" Nikaendelea kushika futi.

Maji ya karo hilo yamekuwa yakikomba mchanga chini ya nyumba yako miaka yote hii, nawe unautukana mti. Nimejaribu kukutetea moyoni, kwamba labda hukujua. Siwezi. Nyumba za watu ulizibandika vioo Bagamoyo yote. Kwenye ukuta wako hukubandika hata kimoja. Hukutaka kujua, kwa sababu mwenye kosa angekuwa fundi, na fundi ni wewe. Ikawa rahisi mwenye kosa awe Mama.

Hilo ndilo linalonichoma. Kosa la karo ningelisamehe kabla sijamaliza kulifukia. Shabani nimemwonyesha kwa macho yake. Sasa anachimba karo jipya mwisho wa uwanja.

Mama nilimwambia juzi, tukichambua mchele. Nilimweleza taratibu: mti wake haukufanya kitu, yeye hakubomoa nyumba ya mtu. Nilidhani atalia, au atakusema walau kidogo. Aliendelea kuchambua. Kisha akaniuliza, "Umemwambia nani mwingine?" Nikamjibu, Shabani tu. Akasema, "Basi yaishie hapo. Usimwaibishe baba yako. Watu wanamjua kwa kazi yake."

Sikumtii, ndiyo maana barua hii iko wazi kwa kila mtu wa Kaole anayejua kusoma. Nakuombea rehema katika kila sala, Baba, na sitaacha. Lakini wewe umelala kaburini na yeye bado anakulinda. Wewe ulikuwa hai, na hukumlinda hata siku moja.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.