Stensili Yako ya Mwisho

Kihesa, Jumapili jioni

Shangazi,

Kamwene. Nakuandikia kwa mkono ambao bado una wino kwenye kucha. Nikikaa bila kufanya kitu nitaanza kuzunguka chumba tena, kama jana.

Leo tumekuwekea msalaba kaburini. Wanawake wa darasa lako la kisomo walitunga sala ya kukuaga, wakakataa katakata kusomewa na mtu. Walitaka kila mmoja ashike karatasi yake. Msomaji wao awe Mama Atu, yule uliyekuwa ukimwambia, "Hiyo ni kalamu, siyo mwiko!" Jana nilikuja na basi kutoka Mbeya, nikaipiga sala yao chapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta, nikaenda kwenye mashine yako ya kurudufu.

Tangu msiba, Mama alikuwa ameifunika kwa kanga yako. Alikataza mtu kugusa kazi ya mikono yako mpaka siku za msalaba. Sote tuliona ndiyo heshima. Jana aliifunua mwenyewe, na pale kwenye pipa la wino, lile linalozunguka, ilikuwa bado imenata stensili yako ya mwisho: somo la kuchemsha maji, pamoja na ile rangi nyekundu uliyopaka ulipokosea herufi.

Sikuibandua, Shangazi. Nilitandika yangu juu yake, nikazungusha mpini. Karatasi zikatoka nyeupe.

Nikasema ni baridi, maana wino huganda huku. Nikauweka mkebe karibu na jiko. Nyeupe. Nikasema labda nilisahau kutoa utepe wa taipureta, herufi hazikutoboa. Nikaiinua stensili dirishani. Mwanga ulipita kila herufi. Nikakaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Nyeupe, nyeupe. Mama akachungulia.

"Kidato cha sita chote kile, na mashine inakukatalia?"

Alikuwa ananitania, lakini nilimjibu vibaya. Hakukasirika. Alikuja akagusa pipa kwa kidole, akakiangalia. Kikavu.

"Wino umekaukia chini ya hii ya wifi yangu," akasema. "Nilidhani namtunzia."

Nilijua. Nadhani nilijua tangu karatasi ya kwanza. Lakini hiyo ndiyo kazi ya mwisho uliyoifanya ukiwa mzima, na barua zako kwangu zilikuwa fupi mno. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mama Atu alikuwa amekaa barazani anasubiri, anajifunza sala kwa kuirudia kichwani, midomo inatikisika. Nikaona kwamba nisipofanya kitu, kesho atasimama na karatasi nyeupe mkononi, akisema maneno aliyokariri, na watu watasema anasoma.

Nikaiondoa yangu, nikaivuta ile yako. Ilichanika vipande vipande. Shangazi, sauti ile! Mama alishika taa, akamimina mafuta yake kwenye kitambaa, tukasugua pipa pamoja. Nikatandika yangu upya, na wino mpya ulitoka kwanza kama moshi, kisha kijivu, kisha mweusi kabisa.

Leo makaburini Mama Atu alisoma. Kwenye neno "tunakushukuru" alikwama. Akarudi mwanzo wa neno, silabi moja moja, kidole kikitembea. Mchungaji aliinama kumsaidia. Akamwambia, "Niache, Baba Mchungaji, nimeshaliona." Kisha akalisema lote, kwa sauti kubwa mno, kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde, na wenzake wakacheka huku wanalia.

Sijatulia bado. Vipande vya stensili yako nimevichoma jikoni. Sikuweza kuviona kwenye takataka. Kesho narudi Mbeya, lakini likizo ijayo nitakuja kukaa na darasa lako, na Mama Atu nitamfundisha kupiga chapa, akitaka au asitake.

Pumzika, Shangazi. Ukisikia kelele hapa nyumbani, usiamke. Ni sisi tunafanya kazi.

Mtoto wa kaka yako,
Neema