Kompresa Kwenye Nafasi ya Sanduku la Mwanaidi

Mpendwa Mama Bertha,

Shikamoo, na naomba msaada wako upesi kabla sijaadhirika mbele ya wakwe. Mimi naitwa Habibu, nina miaka hamsini na mbili, nina kibanda cha mablanketi na makoti ya baridi hapa Mwanjelwa, na najua ukurasa wako ni wa mambo ya ndoa, lakini tatizo langu limeanzia kwenye gari, nikawa sijui nikuandikie wewe au nimwendee fundi, ila fundi ndiye aliyeniingiza humu, kwa hiyo nimekuchagua wewe.

Nina Land Cruiser ya zamani, ile tunayoiita mkonga, na kwa miaka ishirini na miwili mimi na mke wangu Mwanaidi tunapanda nayo kona hamsini na saba za Chimala kwenda kuuza kwenye magulio ya Matamba, na wewe mtu wa Iringa unalijua tope la milimani wakati wa mvua, usipopunguza upepo kwenye matairi unabaki unazungusha magurudumu pale pale mpaka wenye viazi wanakuja kukucheka, kwa hiyo tope likianza tunapunguza, na tukirudi kwenye lami ya Chimala tunajaza tena, na anayejaza ni Mwanaidi, kwa pampu ya mguu. Mimi nashika mpira kwenye tairi, yeye anakanyaga huku tasbihi iko mkononi, kila pigo punje moja, na mizunguko mitatu ya tasbihi ndiyo tairi moja, hatujawahi kuwa na geji ya kupimia upepo na hatujawahi kukosea. Tairi la nne likiisha anafungua sanduku lake la mbao linalokaa nyuma ya siti yake, anatoa chupa ya chai ya tangawizi, tunakunywa tumeegemea gari, na nisikufiche, mambo yote makubwa ya nyumba yetu tumeyaamulia pale pembeni mwa lami, hata posa ya binti yetu Ruwaida.

Sasa mwaka huu nimemwona akimaliza tairi la pili anajishika goti, anageuka upande ili nisione, nikaumia sana moyoni, nikaenda nikanunua kompresa, mashine ya kujaza upepo, kimyakimya, ile ya kufungwa ndani ya gari moja kwa moja, ndogo lakini inang'aa, nikaipeleka kwa fundi Sedekia, akaniuliza tuifunge wapi, nikatazama nikaona nafasi nzuri ni pale lilipo sanduku la Mwanaidi, basi tukalitoa sanduku, pampu ya mguu ikiwa ndani yake, tukaliacha gereji, Sedekia akaunganisha nyaya kwenye waya wa redio kwa sababu ndio ulikuwa karibu, nikarudi sokoni napiga honi mpaka majirani wakatoka vibandani. Mwanaidi akaja. Nikamwambia mbele ya watu wote, kwa furaha kabisa, "Mama Ruwaida, kuanzia leo pumzika, kwenye upepo hatukuhitaji tena!" Watu wakapiga makofi. Yeye akachungulia ndani ya gari, akauliza, "Na sanduku langu?" Nikasema liko kwa Sedekia. Akasema, "Haya," akarudi kibandani.

Safari ya kwanza nayo, tumeshuka kutoka Matamba, nikawasha mashine kwa mbwembwe pale Chimala, mablanketi yaliyobaki yakiwa yamepangwa juu yake, ikanguruma, ikajaza tairi la kwanza, ikafika katikati ya la pili ikakata, harufu ya mpira kuungua ikajaa gari zima, na redio ikafa hapo hapo wakati mpira wa Simba unakaribia kipenga cha mwisho. Nikamwambia Mwanaidi ashuke tutumie pampu, kisha nikakumbuka pampu iko kwenye sanduku na sanduku liko Mwanjelwa. Hakushuka. Alisema kupitia dirishani, "Mimi si abiria siku hizi? Mwambie mke mwenzangu amalizie." Tukajikokota mpaka kwa fundi pancha wa pale Chimala, anayetuona kila safari, naye akauliza, "Mama wa tasbihi leo mgonjwa?"

Tangu siku hiyo Mwanaidi haendi tena gulioni, naenda peke yangu, siti yake tupu, chai nanunua. Na sasa Ruwaida, ambaye ameolewa huko huko Matamba, amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wetu wa kwanza, wakampa jina la bibi yake, Mwanaidi, nikafurahi mpaka nikagawa makoti mawili bure, na arobaini yake imebaki wiki tatu, lakini bibi mwenye jina anasema atapanda Noah na wanawake wenzake. Naomba unishauri, ninunue kompresa kubwa ya umeme au ile inayozungushwa na mkanda wa injini, niifunge wapi, na nimrudishaje huyu mama kwenye siti yake? Nikifika kwenye arobaini bila yeye pembeni yangu, furaha yangu itakuwa nusu, na Sedekia kashaanza kuniita bwana harusi wa mashine.

Wako katika upepo mdogo,
Habibu, Mwanjelwa

---

Kamwene, Habibu,

Marahaba, na hongera kwa mjukuu. Barua yako nimeisoma jikoni, nikacheka mpaka mboga ikashika chini, na jirani yangu Paskalina akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea naye, kwa hiyo ushauri huu umetoka kwa wanawake wawili na sufuria moja iliyoungua.

Uliogopa bure kuniandikia habari za gari. Kabla sijaanza kusikiliza ndoa za watu niliendesha Land Rover ya chanjo miaka kumi na mmoja, kutoka Kilolo mpaka vijiji vya upande wa Mgololo, na upepo wa tairi naujua kama ninavyoujua unga wa ugali. Basi tumalize lile dogo kwanza.

Ulichonunua ni kidude cha gari la mjini, la kwenda kazini na kurudi. Ukakifunga kwenye waya mwembamba wa redio, ukakifunika na mablanketi ya Matamba, kisha ukakiambia kijaze matairi ya mkonga. Hata wewe ukifunikwa mablanketi na kuambiwa ukimbie, utakata katikati ya tairi la pili. Ile ya mkanda wa injini achana nayo. Ni nzuri kwa mtu anayejaza upepo kila siku, lakini inataka fundi aliyebobea, na Sedekia wako, kwa heshima zote, ni mtu wa kuunganisha waya ulio karibu. Chukua ya umeme, yenye pistoni mbili. Kabla ya kulipa hakikisha gari lako ni la volti kumi na mbili au ishirini na nne, maana hizo za zamani zipo za aina zote mbili. Soma pia kwenye boksi inaweza kufanya kazi dakika ngapi kabla ya kupumzishwa. Ikiwa ni dakika kumi, irudishe kwenye rafu, kwa sababu matairi yako ni manne na yote ni makubwa.

Ifunge chini ya boneti, juu, mbali na bomba la moshi, mahali ambapo maji ya mto hayafiki na hewa inapita. Waya uwe mnene na utoke kwenye betri moja kwa moja, fyuzi ikae karibu na betri, na swichi ipitie kwenye rilei, kile kidude kinachobeba umeme mkubwa kwa niaba ya swichi. Waya wa redio mwachie mtangazaji wa mpira. Nunua mpira wa upepo unaovumilia joto, mrefu wa kufika tairi la nyuma la upande wa pili, na wakati wa kujaza injini iwe inawaka, usije ukajaza matairi ukamaliza betri.

Sasa lile kubwa, na hapa kaa vizuri nikuseme.

Habibu, una akili wewe? Mwanamke amekanyagia safari zenu miaka ishirini na miwili, mvua na baridi, tasbihi mkononi, halafu unampigia honi sokoni umwambie mbele ya wauza makoti wote kwamba hahitajiki! Kisha umemtoa na sanduku lake. Mimi ningeshuka kwenye gari hilo siku ile ile. Mwenzio amevumilia mpaka Chimala.

Tena nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja sikukiona. Habari ya goti umeniambia mimi, mtu usiyenijua, na sasa inasomwa Nyanda za Juu nzima. Mwanaidi mwenyewe umemwambia lini? Yeye anajua umemchoka. Hajui kwamba ulimwonea huruma, kwa sababu huruma yako uliifunga ndani ya mashine ukaipigia honi. Unampenda, hilo linaonekana kila mstari, hata Paskalina amelikubali, naye si mtu wa kukubali mambo kirahisi. Lakini upendo wa kimyakimya ndio uliokufikisha kwa fundi pancha na matairi laini.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa Sedekia ukalichukue sanduku. Usilipakie kwenye gari. Libebe begani upite nalo katikati ya soko, wale wale waliopiga makofi wakuone, kwa maana ulimvunjia heshima mbele yao. Wakikucheka, cheka nao. Ukifika kibandani liweke miguuni pake na usitaje kompresa hata kidogo. Mwambie, "Mwanaidi, niliona goti linakuuma, nikashindwa kusema." Kisha nyamaza. Atakusema, tena atakusema sana, na wewe msikilize mpaka amalize, hata kama mteja amesimama na koti mkononi.

Baada ya hapo, nendeni wote wawili gereji. Yeye aonyeshe mashine ikae wapi humo chini ya boneti, na Sedekia amjibu yeye maswali yake. Sanduku lirudi nyuma ya siti yake kabla hata boneti haijafunguliwa. Swichi ifungwe upande wake, mkono wake ufike bila kuinama, awe yeye anayewasha na yeye anayezima. Geji nunua, ni kitu cha maana, lakini mpe yeye aipime kwa tasbihi yake, na zikitofautiana usiwe na haraka ya kuamini geji. Na pampu ya mguu ibaki ndani ya sanduku. Siku mashine ikigoma, pampu ndiyo bi mkubwa wake, nayo itakanyagwa na wewe.

Goti nalo lipelekwe hospitali wiki hii. Hilo sikushauri, nakuagiza.

Jambo la mwisho. Nimekumbuka hesabu zangu za Land Rover, na mashine nzuri itajaza tairi lako kwa muda wa mzunguko mmoja wa tasbihi. Mwanaidi alikuwa anakanyaga mitatu. Kwa matairi manne, hapo mmebakiwa na mizunguko minane ambayo miaka yote ilikuwa ya goti lake. Najua mfanyabiashara anavyofikiri, utataka kuitumia kuwahi sokoni. Usithubutu. Siku mtakaporudi kutoka kwenye arobaini ya Mwanaidi mdogo, mkimaliza kujaza pale Chimala, zimeni injini mkae pembeni mwa lami kwa mizunguko yote minane. Yeye akae juu ya sanduku, na chai umimine wewe.

Mama Bertha, Iringa