Shangazi Hajakununia

Mafiga, Morogoro
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Bonifasi,

Marahaba, salamu zako binti yangu Witness alinifikishia. Habari za Sumbawanga? Wifi na watoto hawajambo? Na kifua chako, kimepoa? Sisi tupo, ila nimechoka. Tangu tumzike Baba, nikiandaa chai bado najikuta nimeshika kikombe chake.

Nimeona nikuandikie kwa sababu nyumba ni ndogo, na Shangazi Judith anasikia kila ninachosema kwenye simu. Anasikia na anaelewa. Hilo ndilo nataka ulijue.

Baba unamkumbuka. Aliongea bila kukwama, kwa sauti ileile ya kuitia watu shambani, lakini maneno yalikuwa yamebaki maganda. Siku moja kule Kinole nilimwomba anisogezee karafuu, akaniangalia kwa upole: "Karafuu ndiyo nini?" Na mikarafuu aliipanda mwenyewe. Baadaye kila kitu kikawa "kile kidude", mwishowe hata mimi.

Kwa Shangazi mambo yamekwenda kinyume. Karafuu anaijua, na wewe anakujua. Kinachomshinda ni kulitoa neno. Linakuja vipande vipande, mdomo unahangaika, mara linatoka jingine. Daktari alinieleza kwamba sehemu za ubongo zinazoshughulika na lugha ndizo zinazosinyaa polepole, kwake kama kwa Baba, ila kusinyaa huko hakuanzii mahali pamoja kwa kila mtu. Wapo hata wanaoongea vizuri, ila katikati ya sentensi neno linawakwepa. Si wazimu, wala hakuna aliyemfanyia kitu. Dawa ya kuzuia hakuna.

Juzi jirani yetu Mwanvita alimtania: "Bibi Judith, leo umeninunia? Basi mchicha wangu narudi nao." Shangazi alicheka, akamchapa na khanga. Kumwambia auache alishindwa, akamwonyesha sufuria.

Sasa wewe ulipiga simu Pasaka, ukamwamkia, ukasikia kimya, ukakata. Witness ananiambia unaamini amekununia kwa sababu hukufika mazikoni. Bonifasi, alikuwa anaitafuta marahaba. Simu ikiwa imeshakatika, aliendelea kulitafuta neno hilo, na lilipotoka, hakuwapo wa kulipokea. Tangu siku hiyo simu ikilia ananitazama.

Yeye ndiye aliyekulea, sihitaji kukukumbusha. Daktari anasema kuelewa nako kutapungua, lini hajui. Nilimwona Baba akifika huko, sina nguvu ya kusubiri tena nikiwa peke yangu.

Mpigie. Usimuulize maswali, mweleze tu habari za watoto na mahindi yako. Akinyamaza, ngoja. Ukimaliza, usikate mpaka aiweke simu chini mwenyewe, nami niichukue nikwambie.

Nisalimie sana wifi Bernadeta, na Paulo, na yule mdogo ambaye bado sijamshika. Mungu awalinde nyumbani na njiani, awape usingizi mzuri.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Yustina