Rangi Zilizokuja kwa Barua

Helsinki, 14 Januari 1963

Wifi yangu Aune,

Nakusalimu, nikitumaini barua hii imekukuta mzima na kwamba mgongo wako bado unakutii. Huku theluji imefika kwenye madirisha ya chini, nami najikongoja hivyohivyo.

Najua utauona mwandiko wangu kwenye bahasha na kutaka kuitupa jikoni. Isome kwanza. Moto hauendi popote.

Ni miaka minne tangu siku ile ya maonyesho. Zulia lilitundikwa ukutani, chini yake jina langu peke yake, na wewe ndiye uliyelifuma kwa miezi saba. Ukanyoosha mkono kuligusa, bwana mmoja mwenye tai akakwambia, "Mama, vitu hivi haviguswi." Nilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Nilisikia. Nikageuka, nikajifanya nina mazungumzo. Mwaka uliofuata tulipomzika kaka yangu Veikko, ulinipa mkono kaburini kama unavyompa mtu wa posta. Nilistahili.

Sasa kiwanda kimenipa kazi ya kuchora kitambaa cha meza. Si cha maonyesho, ni cha jikoni, cha watu wote. Ningependa sampuli ya kwanza uifume wewe. Nimeambatanisha mchoro na nyuzi za rangi nne, kila fungu na karatasi yake.

Sina haki ya kukuomba. Nakuomba.

Wifi yako,
Sylvi


Lapua, 20 Februari 1963

Wifi wa mjini,

Hapa ni wazima. Mgongo unanitii kuliko baadhi ya ndugu wa mume.

Barua yako niliificha nyuma ya saa ya ukutani kwa wiki tano. Kila nikitaka kujua saa, nakuona wewe. Nimechoka, najibu.

Jibu ni hapana. Nina mapazia ya watu wa hapa ya kufuma, na wao wakija kuyachukua wananiita kwa jina langu.

Umeandika kwamba ulisikia. Hilo sikulijua, Sylvi. Miaka yote nimejidanganya kwamba hukusikia, kwamba ukumbi ulikuwa na kelele. Afadhali ungeniachia uongo wangu.

Ila kuna jambo moja. Mkono wa mfumaji hauna adabu, nikazifungua zile nyuzi. Fungu uliloandika "buluu" ni kijani. Na ulipoandika "kijivu" pana rangi ya waridi kama ya nguo za mtoto mchanga. Unanitania, au siku hizi Helsinki rangi zimebadilishwa majina?

Mjane wa kaka yako,
Aune


Helsinki, 28 Machi 1963

Aune,

Sijui nikuamkieje. Barua hii nimeiandika mara nne, na ukiona mstari umepanda juu ya mwenzake usicheke.

Sikukutania. Sikuona. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ilianza kama ukungu, nikadhani madirisha ni machafu, nikayaosha. Nikayaosha tena. Sasa dunia yote ni kama imechovywa kwenye chai, na buluu imeniaga kabisa. Penseli zangu nimezitia alama kwa kisu: mkato mmoja nyekundu, miwili njano. Kiwandani hakuna anayejua. Wakiniletea kitu na kuuliza, "Bi Sylvi, iwe hivi?" nawajibu, "Itulizeni kidogo," nao wanaitikia kwa heshima na kwenda kuituliza. Mungu ndiye anajua wanatuliza nini.

Daktari anataka kunipasua. Nimekataa mara mbili. Kabla ya kisu bado nina tumaini. Baada ya kisu, kikikosea, sina hata hilo.

Nilikuandikia kwa sababu ni macho yako tu ninayoyaamini kuliko yangu. Ilinipasa kusema tangu mwanzo. Basi nimekuwa mwoga mbele yako mara mbili.

Sylvi


Lapua, 30 Machi 1963

Wewe Sylvi, una wazimu?

Salamu zitangoja. Barua yako imefika asubuhi hii na gari la posta linarudi saa tisa, kwa hiyo vumilia mwandiko. Mtu anapofuka anawaambia watu wake! Hachongi penseli! Veikko angekuwa hai angepanda treni akakubeba begani mpaka kwa daktari, na unajua si mzaha.

Sasa sikiliza. Mchoro wako ni mzuri, hilo silikatai. Mistari mipana, mistari myembamba, hauna makuu. Lakini hata rangi ulizokusudia kwenye zile karatasi, hafifu juu ya nyeupe tupu, ni za watu wasiokula. Jikoni kuna watoto, kuna supu, kuna sufuria iliyotoka motoni sasa hivi. Kitambaa kikiwa cheupe vile kinamgombeza mgeni kabla hajaketi. Mama yenu alikuwa nacho kimoja. Siku niliyoletwa kwenu mara ya kwanza nilikunywa kahawa nimeshika kikombe kwa mikono miwili kama naapishwa. Sikujua hata kahawa ile ilikuwa na ladha gani.

Kwa hiyo nitakuambia rangi, nawe fumba macho, si hayakusaidii kitu.

Buluu: ziwa wiki moja baada ya barafu kuondoka. Unaona linapendeza, ukitia vidole linakung'ata. Kijivu: mbao za ghala la baba yenu upande usiopata jua, hasa zikishanyeshewa. Nyekundu isiwe ya bendera; iwe ya matunda ya msituni yaliyopondwa yakatiwa maziwa. Na njano ni siagi ya mwezi Juni, ng'ombe wakishatolewa zizini wakala majani mabichi. Unaziona? Najua unaziona. Umekulia humuhumu.

Nimekwisha kutandika nyuzi mtamboni.

Usidhani nimesamehe. Zulia lile bado linaniuma. Lakini naweza kufuma huku likiniuma, nimewahi kufuma na mengine.

Sharti langu ni moja: nenda ukapasuliwe.

Wifi yako,
Aune


Helsinki, 22 Mei 1963

Wifi mpendwa,

Uhali gani? Mimi moyo wangu uko mzima kuliko macho, na leo hilo linatosha.

Sampuli yako imefika. Sikuiona, lakini niliipapasa mezani mchana kutwa. Nilimwaga maji juu yake makusudi, nikaifuta, nikamwaga tena. Kisha nikaipeleka kwa Lindroos, meneja wetu. Akaitandaza. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Bi Sylvi, hizi si rangi za kwenye mchoro wako."

"Sizo. Ni za Aune Kivelä."

"Aune ndiye nani?"

"Ndiye aliyefuma lile zulia ulilotundika nyuma ya kiti chako. Mimi sioni, Lindroos. Tangu msimu wa majani kupukutika sioni."

Nikasikia mkono wake ukipita juu ya kitambaa. Halafu akasema, "Nyumbani nina watoto watano. Kitambaa cha mwisho mke wangu alikifungia kabatini kwa hofu. Hiki hatakifungia." Akaniuliza nitafanyaje na macho. Nikamwambia napasuliwa tarehe sita Juni. Akauliza liandikwe jina gani kwenye ukingo wa kitambaa. Nikamwambia, "Mawili, au lisiandikwe hata moja." Akasema ukingo ni mwembamba. Nikasema, "Andikeni herufi ndogo."

Maneno yale, Aune, ilinipasa kuyasema miaka minne iliyopita nilipokuwa naona vizuri kabisa.

Naogopa. Niandikie kabla ya tarehe sita.

Wifi yako,
Sylvi


Hospitalini, Helsinki, 14 Juni 1963

Aune,

Natumaini u mzima, maana sijasikia lolote kutoka kwako. Anayeandika hapa ni muuguzi. Nimelazwa chali, nimefungwa macho, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa nisigeuke. Wamepasua jicho moja. La pili litangoja hadi vuli. Hata la kwanza bado hawasemi kitu.

Ulikuwa mkali, lakini ulikuwa unajibu. Kama nimekukosea tena niambie ni wapi. Ukali wako nauweza, kimya ndicho sikiwezi.

Sylvi

(Bibi huyu haniulizi habari za jicho. Kila asubuhi ananiuliza posta tu. Tafadhali andika. – Muuguzi)


Helsinki, 30 Agosti 1963

Wifi yangu,

Shikamoo ya mgonjwa kwa mwuguzaji wake! Umefika salama? Majirani walikumwagilia viazi?

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke, baada ya wiki zote zile za kuniuguza. Bado nacheka nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nakulilia kwa barua, kumbe hukuandika kwa sababu unakuja mwenyewe, uko ndani ya treni na kapu la mkate wa shayiri. Mkono uliponishika pale kitandani nilidhani ni daktari, mpaka uliposema, "Mbona umekonda hivi, hawa wanakulisha theluji?"

Sasa habari yenyewe. Jana wamenipa miwani. Ni mizito kama vitako vya chupa, na nikiivaa nafanana na samaki. Nikatoka nayo moja kwa moja hadi dukani, kwa sababu kitambaa chetu kimetoka. Buluu nimeililia pale pale, mbele ya wateja. Ni yenyewe. Kijivu sina neno.

Lakini njano, Aune! Njano umekosea. Imesimama karibu mno na nyekundu, inapiga kelele, inamkatiza mwenzake kabla hajamaliza kusema. Ningeifanya nyembamba nusu yake na kuififisha. Siwezi kunyamaza juu ya jambo hili, na nimemwambia Lindroos kwamba ufumaji ujao lazima ujadiliwe. Ulikuwa unafikiria nini?

Nisalimie wote. Lakini ile njano, hapana.

Wifi yako,
Sylvi


Lapua, 3 Septemba 1963

Wifi mchokozi,

Nimefika salama, viazi vizima, nami mzima kuliko viazi.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta. Nikaingia ndani nikaisoma tena nimeketi. Mchana alipokuja jirani yangu Hilkka kunywa kahawa, nikamsomea yote, na pale penye njano nikamsomea mara mbili, tena kwa sauti. Akaniangalia, akaweka kikombe chini.

"We Aune, wifi yako anakutukana hivyo, nawe unatabasamu?"

Nikamwambia, "Anaona, Hilkka. Anaona!" Kisha nikajifunika uso kwa barua, ikabidi yeye ndiye anipigepige mgongoni.

Njano iko sawa, na haitapungua hata uzi mmoja. Treni ya Ijumaa inafika saa kumi jioni. Njoo tugombane.

Wifi yako,
Aune