Takwimu Niliyoihesabu Mara Mbili

Bweni la Wanafunzi Watu Wazima,
Chumba Na. 14,
S.L.P. 308.
6 Oktoba

Mpendwa Dada,

Hujambo? Mama anaendeleaje? Nieleze kama bado anaficha mkongojo wake wageni wakija, na kama mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na miwani mipya imenikubali.

Chumba kimekuwa kikubwa. Muuguzi niliyekuwa nikiishi naye alimaliza masomo mwezi uliopita akaenda zake. Godoro lake limekunjwa, nami nimepanga vitabu juu ya kitanda ili pasionekane patupu. Jumapili nilihesabu maneno niliyosema kutwa nzima: matatu, yote kwa muuza mikate. Mmoja tu, asante.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Nilikuahidi kwamba Desemba nitarudi na digrii, nawe upumzike kumuuguza Mama. Sitamaliza Desemba. Nimepungukiwa kozi moja.

Digrii yetu inataka kozi arobaini: ishirini na nne za fani, kumi za msingi na sita za hiari. Nilijichorea jedwali langu, nikaweka alama kila mahali kozi ilipofaa. Takwimu niliiweka kwenye fani, kisha nikaiweka tena kwenye hiari, kwa sababu mwongozo unaitaja katika sehemu zote mbili. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kozi moja huhesabiwa katika kundi moja tu. Sikusoma. Miaka ishirini na sita gazetini nimewakoromea waandishi wachanga wanaomnukuu mtu yule yule mara mbili na kudai wana vyanzo viwili.

Karani wa mitaala, mama mmoja mpole, alipitia jedwali langu kwa penseli. Alipofika kwenye Takwimu akacheka kidogo.

"Mzee wangu, umekula sahani moja, unasema umeshiba mara mbili."

Nikamuuliza kama kozi za stashahada yangu ya zamani haziwezi kuziba pengo. Akasema nane zimeshahesabiwa, na nane ndiyo mwisho. Nikamwonyesha kwamba alama zangu za Takwimu ni za juu. Akajibu kwamba alama nzuri hazizai kozi ya pili. Hapo nikakunja jedwali langu, maana alikuwa sahihi.

Kozi ya kuziba pengo ipo, lakini inafundishwa Januari hadi Mei. Darasa langu lote litakuwa limeondoka. Hilo nitalivumilia.

Nimepima pande zote. Nikibaki, utambeba Mama miezi mitano zaidi. Nikirudi bila digrii, chuo cha huko nyumbani hakitanipa ile nafasi ya ualimu. Nitarudia kazi ya kuzunguka na begi, wiki tatu nje, wiki moja nyumbani, na Mama atabaki mikononi mwako vilevile. Mhariri wangu wa zamani ameshaniambia meza yangu ipo. Alidhani ananifariji.

Siwezi kuamua peke yangu wakati anayeumwa mgongo ni wewe. Fomu ya kujiandikisha inapokelewa hadi mwisho wa Novemba. Nimeijaza yote, nimebakiza sahihi. Ukisema nirudi, nitarudi Desemba na sitakulaumu hata siku moja. Ila usinijibu kwa kunionea huruma. Na usimuulize Mama. Yeye atasema nibaki nimalize, kama alivyosema mwaka jana na mwaka juzi, kisha atakuita wewe uje umnyanyue.

Nisalimie Mama, shemeji na mpwa wangu fundi cherehani. Mwambie suruali aliyonishonea bado haijaachia hata uzi. Msalimie pia shangazi, hata kama bado amenuna. Mungu akupe nguvu za mwili na watu wa kukusaidia.

Mdogo wako akupendaye, anayesubiri neno lako,
Kasuku