Redio niliyomfunga Watasema shingoni

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Buger.

Ukungu umekaa tangu asubuhi, haupandi msituni wala haushuki bondeni. Nimenawa mikono mara nne kwa sabuni ya mche na bado naisikia harufu ya damu. Labda iko puani tu, sio mikononi.

Juu ya kabati la vyombo redio ndogo inalia. Ti ti ti ti. Inalia haraka haraka, maana yake ni kwamba anayelia yuko karibu.

Shajara yangu, leo nitaandika yote, hata yale ambayo watu nimewaambia vingine. Mimi niliishia darasa la tano, mkiona nimekosea mniwie radhi.

Watasema ni mbwa wangu. Jina nilimpa mimi mwaka ule nilioachwa, nikasema acha waseme, na mbwa atakuwa anawaitikia. Mwaka juzi fisi aliingia zizini wakati nakamua. Alinikamata gauni akanivuta hadi mlangoni, nikawa nashika nguzo huku kucha zinang'oka. Watasema alimrukia usoni. Walizungushana kwenye kinyesi na maziwa yaliyomwagika, na fisi alipoondoka alikuwa hana sikio, na Watasema alikuwa amenyofolewa nyama ya paja mpaka mfupa unaonekana. Nilimshona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Kwa hiyo ninapotembea kwa miguu miwili leo, natembea kwa sababu ya mbwa huyo.

Sasa Jumanne.

Jumanne kondoo wawili wa jirani yangu Baba Safari walikutwa korongoni wamepasuliwa matumbo. Hawakuliwa. Wamepasuliwa tu, wakaachwa. Saa hiyohiyo Watasema alirudi nyumbani akitembea taratibu kama mtu aliyetoka harusini, na kwenye meno alikuwa na manyoya meupe.

Nilimwosha mdomo.

Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu, nikayatoa manyoya moja moja, nikayatupa jikoni kwenye moto. Harufu ya manyoya ya kondoo yakiungua haijifichi, nikaweka na maganda ya vitunguu juu yake. Sijawahi kumwambia mtu hayo, hata mwanangu.

Jioni Baba Safari alikuja na mdogo wake Paskali, wana rungu. Huku kwetu mbwa aliyeonja kondoo hana kesi. Mwezi uliopita waliua mbwa wa upande ule wa kanisani, nilisikia kutoka hapa nyumbani, sikutaka kusikia lakini nilisikia.

Baba Safari alisimama hapo nje akasema, "Mama Neema, mbwa akishaonja damu ya kondoo, hata ubatizo haumtoi."

Nikamjibu, "Ulimwona yeye, au uliona mbwa tu? Mbwa wa Buger wote wana miguu minne."

Paskali akacheka. Baba Safari hakucheka. Akanipa siku tatu. Akasema kondoo mwingine akifa, atakuja kuniuliza swali moja tu, mbwa wako alikuwa wapi. Nikishindwa kujibu, anammaliza.

Mtaniambia kwa nini nisimfunge. Nilimfunga, kwa mnyororo. Alivuta mpaka shingo ikachubuka na nguzo ikang'oka, akaondoka na nguzo. Na mbwa wa kufungwa huku pembeni ya msitu ni nyama iliyopakuliwa, fisi anakuja na kushukuru.

Nikampigia simu Neema. Neema ni mwanangu wa pekee, anatengeneza simu na redio mjini Karatu, ana kibanda chake. Nililia mpaka akaniambia, "Aayo, nyamaza kwanza, sikuelewi." Aayo ndiyo mama kwa Kiiraqw, hata akiwa mzee ataniita hivyo. Jumatano asubuhi alishuka kwenye pikipiki na mfuko wenye vidude vitatu. Akasema tutatengeneza kitu cha kumvalisha mbwa, kituambie alipo. Ila lazima tuchague redio ya kuweka ndani, na kila redio ina tabia yake kama wakwe.

Ya kwanza ilikuwa ya blututhi, ndogo kama kifungo cha koti. Tukamfunga. Neema akashika simu, mbwa akaondoka, alipopita banda la kuku simu ikasema hayupo. Nikamwambia mwanangu, hapo hata mimi namwona kwa macho yangu haya mabovu.

Ya pili ilikuwa ya kuwekwa laini, inatuma ujumbe kama mtu, na kwenye simu inaonyesha ramani. Neema aliipenda hiyo. Lakini korongoni kwetu mtandao haushiki hata kidogo, ukitaka kupiga simu unapanda mpaka kwenye mparachichi wangu. Watasema alishuka, simu ikanyamaza. Aliporudi ndipo ujumbe ukaingia wote kwa pamoja, kama wageni waliochelewa mazishi. Habari za alikokuwa zilifika akiwa ameshalala mlangoni. Na kufika Alhamisi mchana betri ilikuwa imekwisha.

Ya tatu inaitwa Lora. Hii haina laini. Ziko mbili, moja inakaa kwa mbwa na moja inabaki nyumbani, na kila moja ina mkia wa waya. Neema alinielezea, inasema neno dogo sana lakini linafika mbali, linapita mabonde. Ya nyumbani inalia ti. Mbwa akiwa mbali inalia pole pole, akisogea inalia haraka. Ramani haina.

Mimi zamani nilifua mashuka kwenye kambi moja ya watalii upande wa Ngorongoro. Nilikuwa nasikia madereva wakiongea kwa redio koli, mmoja yuko chini kreta, mwingine yuko juu getini, simu zao hazishiki lakini wanaambiana simba yuko wapi. Nikasema hii ndiyo redio koli ya mbwa. Nataka hii. Neema akasema bila ramani sitajua alipo hasa. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimelelewa na kengele za ng'ombe. Kengele haina ramani, na hatukuwahi kupoteza ng'ombe.

Akacheka, akasema, "Haya Aayo, injinia wangu."

Jana jioni alinifungia kila kitu kwenye kiboksi cha plastiki na mkanda. Leo alfajiri kabla hajapanda pikipiki kurudi kazini alinionyesha mkia ule wa waya. Usimame juu, usikunjwe, na usifunikwe na kitu chochote cha chuma wala bati, bati linaziba redio mdomo.

Nilisikia. Naandika hapa kwa sababu mchana nimemwambia sikusikia.

Neema alipoondoka nikamwangalia Watasema. Kale kaboksi kamekaa pale pale shingoni, mahali fisi anapoanzia. Mjomba wangu alikuwa anawavika mbwa wake bati shingoni, fisi akiuma anavunja jino, na mbwa wake walizeeka. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalikata kwa mkasi wa kukatia majani, nikakizungushia kiboksi chote, nikaukunja mkia ukaingia ndani, nikashona kwenye mkanda kwa ile ile sindano ya magunia. Akiwa miguuni pangu redio bado ililia, kwa unyonge kidogo. Nikajiambia inatosha.

Je, nilikuwa namwogopa fisi? Ndiyo. Lakini leo siku nzima nimekuwa najiuliza kama nilitaka kweli ile redio iseme.

Watasema alitoka, ukungu ukammeza. Redio ikanyamaza.

Nikaizunguka nyumba, redio ya nyumbani nimeifunga kwenye kanga kifuani. Nikaenda zizini, nikaenda kwenye mparachichi, nikaenda mwisho wa shamba la mbaazi. Kimya. Saa tatu, kimya. Nikawa naongea nayo, sema basi, sema hata mara moja. Kwenye saa nne hivi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa korongo, sina hata nguvu ya kuita.

Ghafla ikalia. Ti ti ti ti ti, kwa sauti kali, kama aliyezibwa mdomo akaachiwa.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu kwenye ukungu, nikasema yupo, mwanangu wa miguu minne yupo hapo chini. Nikaanza kushuka huku nacheka. Ndipo nikasikia watu, na sauti nyingine, kavu, pu, pu, pu, kama wanapura maharage.

Sasa najua kilichoifungua redio. Ni panga.

Nilipofika chini, kondoo jike alikuwa amelala ubavu, tumbo wazi, mguu mmoja bado unapiga teke hewani. Mwingine hakuwa na koo. Baba Safari alikuwa amebanwa kwenye ukuta wa korongo, panga limemdondoka, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mdomo wa Watasema mpaka karibu na kiwiko. Paskali alikuwa anampiga mbwa mgongoni kwa rungu, anapiga huku analia. Panga lilikuwa limemwingia Watasema shingoni, lile bati langu likalizuia lisimalize, likapasuka vipande viwili, na ule mkia wa waya ukachomoka ukasimama juu wenyewe, unadondosha damu. Kifuani mwangu redio ilikuwa inapiga kelele sasa, haina pumzi kati.

Paskali akanipigia ukelele, "Mama Neema, mtoe! Anamla mtu!"

Nikaita jina lake. Watasema alinitazama kwa jicho moja, lingine lilikuwa halipo. Hakuachia. Nikaita tena, pole pole, kama ninavyomwita kula. Akaachia. Akaja kwangu kwa miguu ya mbele tu, ya nyuma ilikuwa inaburutwa kama gunia, mgongo umevunjika. Akafika, akaweka mdomo juu ya miguu yangu.

Kwenye meno alikuwa na manyoya meupe.

Nililiokota panga mimi.

Pigo la kwanza halikutosha, nilifumba macho. La pili nilifumbua. Baba Safari akasema, "Basi, mama. Basi." Nilikuwa bado nimeinua.

Halafu akili ya mama ikarudi. Nilimburuta Baba Safari mpaka kwake bombani, nikamwosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, yeye anapiga kelele na mimi naosha. Nikamfunga kwa kanga yangu. Tukapanda pikipiki moja kwenda hospitali, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikia mkono juu kama mshumaa.

Njiani akasema, bila kugeuka, "Kumbe unajua kukata."

"Nimechinja kuku tangu nina miaka saba."

Tukaenda kidogo. Akauliza, "Ulijua?"

Ningeweza kusema upepo umenizuia kusikia. Nikasema, "Nilijua. Jumanne nilimwosha mdomo."

Tukaingia lami. Kisha akasema, "Angekuwa wangu, hata mimi ningemwosha." Na baadaye tena, taratibu, "Ila ungeniambia, Mama Neema, leo ningekuwa na mkono mzima."

Nikauinua mkono wake juu zaidi.

Nesi aliuliza mbwa yuko wapi. Nikasema amekufa. Akasema basi sindano za kichaa cha mbwa zote, hakuna kuruka hata moja, na ya pili ni Jumatatu. Walimshona pia. Nilihesabu nyuzi kumi na tisa, nilisimama pale kwa makusudi nizione.

Neema alikuja hospitali akanikumbatia, akaniuliza kwa nini redio ilikuwa kwenye kopo. Hapo ndipo niliposema sikusikia. Akaniamini, na hiyo inaniuma kuliko kama angenigombeza.

Niliporudi nyumbani saa tisa nilikuta Paskali ameshamzika Watasema nyuma ya zizi. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anajifuta jasho kwa shati, akasema, "Nimeweka na mawe juu, fisi asimfukue." Nikamwambia asante baba. Akaondoka na rungu lake, amelishika kama kitu cha mtu mwingine.

Alimzika na mkanda wake.

Kwa hiyo inalia. Kutoka chini ya udongo na mawe inasema neno lake dogo, na hapa juu ya kabati hii nyingine inaitikia. Neema ameniambia kwa simu betri ya mbwa itakaa wiki mbili, tuliichagua kwa sababu hiyo. Akasema, "Aayo, zima tu hiyo ya nyumbani, kitufe kiko pembeni." Nimekiona. Nimeweka kidole juu yake mara mbili.

Jumatatu asubuhi nitampeleka Baba Safari sindano ya pili, na nyingine zote mpaka ziishe. Na Neema nitamwambia kwamba nilisikia. Nitamwambia uso kwa uso, kabla hajasoma hapa.

Redio sijaizima. Siku tatu nimeogopa swali moja, mbwa wako yuko wapi. Sasa kila nikivuta pumzi naambiwa. Yuko nyumbani. Yuko nyumbani.

Kwa nini sikutaka kuambiwa asubuhi?